Ukuta wa Mawe wa Kale Unaomung'unyika: Mwongozo Kamili wa Kutoa Saruji, Kupunguza Chumvi na Kujaza Maungio kwa Chokaa

Malalamiko ninayoletewa yanafanana kiasi kwamba naweza kuyamalizia mwenyewe. Sehemu ya chini ya ukuta wa jengo la kale ilianza kutoa unga. Fundi akaitwa, akapiga lipu ya saruji hadi usawa wa kiuno. Mwaka wa kwanza ukuta ukapendeza. Mwaka wa pili mawe yaliyo juu ya lipu, ambayo hayakuwa na tatizo lolote, yakaanza kumenyeka. Lipu ikaongezwa hadi kifuani. Sasa unyevu uko kifuani.

Saruji haikuondoa maji. Iliyazibia mahali pa kutokea, nayo yakapanda kutafuta mlango mwingine, yakiwa yamebeba chumvi. Kazi iliyoelezwa hapa chini inaurudisha mlango ule chini, na kuuweka kwenye mota (mchanganyiko wa chokaa na mchanga unaoshikanisha mawe) badala ya kwenye jiwe. Ukilishika hilo, hatua zote zitakuwa na maana. Usipolishika, utazifuata zote kisha mwishoni utapaka rangi ya plastiki juu na kuanza upya.

Mwongozo huu ni wa kuta zilizojengwa kwa mawe yenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo vinavyonywa maji (mawe ya chokaa, mawe ya mchanga, matumbawe) na mota ya chokaa.

## Usianze ikiwa

- Kuna ufa unaoendelea kupanuka, au ukuta umetuna au kuinama. Huyo ni mgonjwa wa mhandisi.
- Jiwe lina nakshi, maandishi au mabaki ya rangi ya kale. Hapo anatakiwa mhifadhi aliyesomea kazi hiyo.
- Jengo linalindwa na sheria na huna kibali. Nchi nyingi zinahesabu hata kujaza maungio (nafasi za mota kati ya jiwe na jiwe) kuwa mabadiliko yanayohitaji ruhusa.

## Vifaa vya kuandaa

Vya kuchunguzia: tochi, kamera, chaki, tepu ya kupimia, brashi ya nywele laini, maji yaliyosafishwa kwa mvuke, na kipimo kidogo cha upitishaji umeme wa maji (kile cha kupimia maji ya kunywa au ya samaki kinatosha).

Vya kutolea saruji: nyundo nyepesi, tindo nyembamba zisizozidi upana wa ungio, drili yenye keekee ya milimita 5 au 6, brashi ngumu isiyo ya waya.

Vya bandiko la chumvi (mchanganyiko unaobandikwa ukutani kuvuta chumvi nje): karatasi nyeupe laini isiyochapishwa, udongo wa kaolini, mchanga mwembamba uliooshwa vizuri.

Vya mota: chokaa (aina yake tutaichagua hatua ya 6), mchanga mkali uliooshwa, chekecheke, karai, ndoo zenye vifuniko, ubao mdogo wa kushikia mota na miiko myembamba ya kujazia maungio.

Vya kutunzia: magunia ya mkonge au ya juti, turubai, bomba la mkono la kunyunyizia maji.

Vya kinga: miwani iliyofunika macho pande zote, glavu za mpira, barakoa ya vumbi jembamba. Chokaa huunguza macho vibaya, na vumbi la jiwe la mchanga huharibu mapafu bila kutoa onyo. Weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua mfuko wa chokaa.

Ukiniona sijataja grinda, brashi ya waya, asidi wala mashine ya maji ya kasi, sikusahau.

## Hatua ya 1: Usome ukuta

Hapa ndipo watu hutumia dakika kumi, wakati panahitaji siku nzima, tena ikiwezekana siku mbili za majira tofauti.

Subiri jioni au weka kivuli, kisha laza tochi kwenye ukuta ili mwanga upite kandokando ya uso wa mawe. Utaona usichokiona mchana: magamba yaliyonyanyuka kama ukingo wa karatasi, vishimo, na mistari ya tindo ya fundi wa kwanza ambayo bado ipo sehemu nzima na imefutika sehemu mbovu. Mistari hiyo ni kipimo chako. Ilipo, uso wa awali upo.

Sasa gonga kwa kifundo cha kidole. Jiwe zima hutoa mlio mkavu na wa juu. Gamba lililoachana hutoa mlio mzito, kama kugonga boga. Zungushia chaki kila penye mlio huo, kisha piga picha.

Tafuta pia mstari wa chumvi. Maji yanayopanda kutoka ardhini kwa kawaida huishia mita 1 hadi 1.5. Yanapokauka huacha chumvi pale yalipoishia, kwa hiyo uharibifu mkubwa hauko chini kabisa bali kwenye mkanda ulio juu yake. Ukiona sehemu ya chini kabisa imelowa lakini jiwe lake ni zima, na futi mbili juu yake mawe yanaliwa, hicho ndicho kisa.

Kwa nini chumvi ivunje jiwe? Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe hewa ikiwa na unyevu wa takriban asilimia 75 au zaidi, na hugeuka chembe ngumu unyevu ukishuka chini ya hapo. Kila ikiganda ndani ya kinyweleo husukuma kuta zake. Sulfeti ya sodiamu ni mbaya zaidi: ikiganda pamoja na maji, kila molekuli yake huchukua molekuli 10 za maji, na ujazo wa chembe huongezeka zaidi ya mara tatu. Hakuna jiwe lenye vinyweleo linalovumilia mchezo huo kila majira.

Tofautisha mambo mawili. Chumvi inayochanua juu ya uso, nyeupe kama manyoya, inatisha macho lakini mara nyingi haina madhara makubwa: maji yamefika nje kabla ya kukauka. Chumvi inayoganda nyuma ya uso, milimita chache ndani, ndiyo inayosukuma ngozi nzima ya jiwe itoke. Saruji, rangi ya plastiki na dawa za kuzuia maji huihamisha chumvi kutoka kundi la kwanza kwenda la pili.

Weka tone la maji kwenye jiwe. Likinywewa, vizuri. Likibaki limesimama kama juu ya jani la mgomba, kuna mtu alishapaka dawa au rangi isiyopitisha maji. Andika hilo.

Dalili nyingine usizichanganye na chumvi ya ardhini:

- Gamba jeusi chini ya mawe yaliyochomoza na mahali mvua isipofika: ni jasi, inayotokana na moshi wenye salfa kukutana na jiwe la chokaa na kunasa masizi.
- Madoa ya kahawia na ufa unaoanzia sehemu moja: kuna chuma ndani.
- Jiwe linalofunguka kurasa kurasa huku majirani zake wakiwa wazima: limewekwa kwa wima. Mawe ya tabaka yanapaswa kulala jinsi yalivyolala machimboni. Ukilisimamisha, linabambuka kama kitabu.

Umefaulu ukiwa na mchoro wa ukuta unaoonyesha mkanda wa chumvi, magamba, saruji na chuma, na unaweza kumweleza mtu mwingine maji yanaingilia wapi.

## Hatua ya 2: Yatoe maji kwanza

Usiguse jiwe hata moja bado.

Panda juu uangalie mifereji ya paa mvua ikinyesha, maana siku ya jua kila mfereji ni mzima. Kagua maungio ya bomba za kushusha maji, hasa upande wa nyuma usioonekana, ambako bomba hupasuka na kulowesha ukuta miaka mitano bila mtu kujua.

Shuka chini. Je, ardhi ya nje imepanda kuliko sakafu ya ndani? Maua, kifusi na tabaka za njia huongezeka taratibu hadi ukuta unazikwa. Shusha udongo angalau milimita 150 chini ya sakafu, uelekeze mteremko mbali na jengo. Kama kuna ukanda wa zege umeshikana na ukuta, mara nyingi ndio mkosaji: unazuia ardhi isikaukie juu, maji yanabaki na njia moja tu, ukuta. Ondoa ukanda wenye upana wa kama milimita 300 na uweke kokoto.

Onyo: usichimbe chini ya usawa wa msingi. Majengo mengi ya kale yana misingi mifupi kuliko unavyodhani.

Umefaulu mvua kubwa ikipita bila tone lolote kurukia wala kutiririkia ukutani.

## Hatua ya 3: Toa saruji

Anza na kipande cha majaribio, nusu mita kwa nusu mita, mahali pasipoonekana sana. Kitakufundisha tabia ya ukuta huu.

Kwa lipu, tafuta pale inapolia mlio wa boga, uingie kwa ukingo. Laza tindo iwe karibu sambamba na ukuta, ili nguvu ipite nyuma ya lipu badala ya kuingia kwenye jiwe. Piga mapigo mengi mepesi. Fundi mwenye pigo moja kubwa atamaliza mapema na kukuachia mashimo.

Kwa maungio, toboa mstari wa matundu madogo katikati ya ungio, kisha tumia tindo kuvunja kutoka katikati kuelekea pembeni. Usitumie ukingo wa jiwe kama egemeo la kung'olea. Kona ya jiwe ikishavunjika, ungio lako jipya litakuwa pana kuliko la zamani, na macho yatayaona hayo kwa miaka mia.

Chimba kina mara mbili ya upana wa ungio, na kisipungue milimita 25. Ungio lenye upana wa milimita 15 linahitaji kina cha 30. Nyuma pawe mraba, si umbo la V: mota iliyojazwa kwenye V haina cha kushika, hutoka kama jino bovu. Ukikutana na mota ya chokaa ya zamani iliyo imara, simama hapo. Haina kosa.

Kuhusu grinda nitasema mara moja. Diski ni duara, kwa hiyo ili ifike mwisho wa ungio la wima ni lazima ikate jiwe la juu na la chini. Nimeona kuta ambazo kila ungio la wima lina mikato miwili ya ziada kama alama za chanjo. Hakuna mota ya kuficha hilo.

Kisha kuna saruji inayokataa. Utapiga, na kila kipande kinachotoka kimebeba unene wa kidole wa jiwe. Iache. Sisemi hivi kwa kupenda, ila saruji iliyobaki inaharibu taratibu, wakati tindo yako inaharibu sasa hivi. Rudi baada ya msimu mmoja wa ukavu, mara nyingi itakuwa imelegea yenyewe.

Umefaulu ikiwa kona za mawe ni zilezile ulizopiga picha.

## Hatua ya 4: Acha ukuta ukauke, uvune chumvi

Mafundi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta mnene hautakauka wiki hii wala ijayo, na huna haja ya kusubiri ukauke hadi ndani kabisa. Lakini upe majuma kadhaa ya kiangazi ukiwa wazi. Utachanua chumvi nyingi, nyeupe, na mwenye nyumba atakupigia simu kwa hofu. Mwambie ndiyo mavuno yenyewe.

Pangusa chumvi hiyo ikiwa kavu, kwa brashi laini, huku ukitandika karatasi chini na kuikusanya yote. Ukiiacha ianguke miguuni mwa ukuta, mvua itaiyeyusha, ardhi itainywa, nayo itapanda tena ukutani. Na usioshe kwa bomba: maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani zaidi kuliko ilivyokuwa.

### Bandiko

Sehemu zenye chumvi nyingi zinahitaji bandiko. Chanachana karatasi, iloweke usiku kucha kwenye maji yaliyosafishwa, isage hadi iwe nyuzi, uikamue. Mchanganyiko ninaoanza nao ni sehemu 1 ya karatasi hiyo, 1 ya kaolini na 2 za mchanga mwembamba, kwa ujazo, kisha naurekebisha baada ya kujaribu sehemu ndogo. Karatasi hushika maji, kaolini ina vinyweleo vidogo vya kunyonya, mchanga huzuia bandiko lisinywee na kupasuka mapema.

Nyunyizia jiwe maji yaliyosafishwa kidogo. Bandika unene wa milimita 15 hadi 20, ukilisukuma ligusane na jiwe kila mahali. Penye mfuko wa hewa, chumvi haitahama.

Sasa liache likauke lenyewe, wiki mbili hadi nne. Wengi huharibu hapa kwa kulifunika plastiki muda wote au kulitoa likiwa bado na maji. Maji yanaingia kwenye jiwe na kuyeyusha chumvi, kisha yanapokauka kupitia uso wa bandiko yanaivuta chumvi nje. Bila kukauka hakuna kuvuta.

Likianza kujikunja pembeni, litoe kwa kijiti cha mbao. Usilitumie tena.

Kupima: chukua gramu 10 za bandiko lililokauka, litie kwenye mililita 100 za maji yaliyosafishwa, koroga, acha saa moja, pima upitishaji umeme. Fanya vivyo hivyo kwa bandiko ambalo halijatumika, ili ulinganishe. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chumvi uliyoitoa ilivyo nyingi. Rudia bandiko jipya. Namba ikiacha kushuka kati ya zamu moja na nyingine, umefika mwisho wa faida, mara nyingi baada ya zamu mbili au tatu.

Onyo: bandiko hufikia sentimita chache tu. Chumvi ya katikati ya ukuta itabaki, na itakuwa inatoka polepole kwa miaka. Ndiyo sababu ya mota tutakayochagua.

## Hatua ya 5: Mawe mabovu na vyuma

Jiwe lililoliwa si lazima libadilishwe. Swali ni moja: je, bado linabeba mzigo na kumwaga maji ya mvua? Kama ndiyo, liache na sura yake ya uzee.

Ukilazimika kubadilisha, jiwe jipya lifanane na la zamani kwa vinyweleo, si kwa rangi pekee. Jiwe gumu lisilonywa maji katikati ya mawe laini hufanya kazi ya saruji: majirani zake wanne ndio watakaolipa. Nalo lilale kwa tabaka lake.

Vyuma vilivyopata kutu vitolewe, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Akropoli ya Athens, kilima cha mahekalu ya kale huko Ugiriki, ndiyo darasa maarufu. Mafundi wa kale walifunika vibanio vyao vya chuma kwa risasi. Nikolaos Balanos, aliyekarabati majengo yale mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia vyuma bila kinga hiyo, navyo vikapasua marumaru. Waliokuja baadaye wamekuwa wakivitoa na kuweka titani. Kwa ukuta wako, chuma cha pua kinatosha.

Dawa za kugandisha jiwe lililolegea zipo, lakini haziondoki zikishaingia. Nazipita makusudi: mwachie mhifadhi.

## Hatua ya 6: Mota

Sheria ni hii: mota iwe dhaifu kuliko jiwe na ipitishe mvuke kuliko jiwe. Maji yatapenda kutokea kwenye ungio, chumvi itaganda kwenye ungio, na kitakachooza ni ungio. Ungio hubadilishwa. Jiwe halirudi.

Chokaa ipi? Chokaa rojo, yaani iliyochomwa, ikazimwa kwa kutiwa maji, kisha ikahifadhiwa chini ya maji, ndiyo laini kuliko zote na inafaa ndani na mahali palipokingwa. Hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa, kwa hiyo ni ya polepole. Kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, au wenye unyevu wa kudumu, tumia chokaa haidroliki asilia, inayokomaa hata penye maji. Hii huuzwa kwa alama NHL 2, 3.5 na 5, na namba hiyo ni nguvu ya chini kabisa kwa megapaskali baada ya siku 28. Kwa jiwe laini chukua 2, penye hali ngumu 3.5. NHL 5 iache kwa mawe magumu.

Chokaa ya unga iliyokaa wazi hufa, maana hugeuka jiwe ikiwa bado mfukoni. Ipime: chukua kidogo, dondoshea siki. Chokaa hai hutulia. Ikitoa povu jingi, imeshakomaa bila wewe, itupe.

Usizime chokaa mbichi mwenyewe kama hujafundishwa. Huchemka na kuruka.

Mchanga upi? Mchanga mkali wenye chembe za ukubwa mbalimbali. Finyanga mchanga mbichi mkononi, kisha fungua kiganja: ukiacha matope, una udongo mwingi, uoshe. Mchanga wa pwani usiooshwa ukiishia kwenye ukuta huu, umerudisha chumvi uliyoitoa kwa wiki sita.

Uwiano upi? Usinukuu, pima. Jaza kopo la lita 1 kwa mchanga uliokauka kabisa, usawazishe juu. Mimina maji polepole kutoka chombo chenye alama, hadi yasimame sawa na uso wa mchanga. Yakiingia mililita 330, nafasi tupu kati ya chembe ni theluthi moja, na chokaa ndiyo inapaswa kuzijaza: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Yakiingia 400, ni 1 kwa 2.5. Mchanga wenyewe umekupa jibu.

Changanya kwa ndoo, si kwa koleo, maana koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana havifanani. Ukitumia chokaa rojo, usiongeze maji. Itaonekana kavu mno, utashawishika. Ipondeponde kwa mpini wa mbao robo saa, nayo italainika yenyewe kwa maji yaliyofichwa ndani yake. Maji ya ziada ndiyo nyufa za kesho.

Onyo: usitie "saruji kidogo ya kuishikisha." Saruji kidogo ndani ya chokaa haileti nguvu ya saruji wala haiachi tabia ya chokaa, na inaingiza chumvi zake.

Umefaulu ikiwa mota inabaki kwenye mwiko ukiupindua, na haiachi maji kwenye ubao.

## Hatua ya 7: Jaza maungio

Safisha vumbi lote kwanza. Mota hushika jiwe, haishiki vumbi.

Lowesha ukuta jana yake na asubuhi, mara kadhaa kidogo kidogo. Jiwe kavu hunyonya maji ya mota kabla haijakomaa, na unabaki na mchanga. Lakini subiri uso uache kung'aa: maji yanayoelea nayo huzuia kushika.

Jaza kutoka nyuma kuja mbele, ukisukuma kwa nguvu, tabaka zisizozidi milimita 20. Ungio lenye kina kikubwa lijazwe kwa zamu mbili au tatu, kila zamu ikaze kidogo kabla ya inayofuata. Penye mwanya mkubwa sukuma vijiwe vidogo ndani ya mota, vinapunguza kunywea.

Malizia usawa wa jiwe au ndani kidogo. Mawe ya zamani yana kona za mviringo, na kishawishi ni kujaza hadi mota ipande usoni mwa jiwe ili pawe laini. Mota hiyo nyembamba itapasuka, itanasa maji, na ungio litaonekana pana mara mbili.

Sasa subiri. Bonyeza kwa kidole gumba: kisipoacha alama, lakini ukucha ukaacha, muda umefika. Piga uso wa ungio kwa ncha za brashi ngumu, moja kwa moja, bila kusugua. Hii hukaza mota, huziba nyufa ndogo za mwanzo, na hufungua uso wenye utando wa chokaa ili hewa iingie na mvuke utoke. Ukipiga mapema utavuta utelezi wa chokaa, ukichelewa utapangusa unga.

## Hatua ya 8: Tunza

Kazi nzuri nyingi zimekufa katika hatua hii. Niliwahi kumaliza ukuta wa upande wa magharibi saa saba mchana, nikaona magunia ni usumbufu. Kesho yake nilifuta maungio yangu kwa kidole kama vumbi la dirishani, nikayatoa yote kwa siku mbili.

Tundika magunia yenye unyevu yakiwa mbali kidogo na ukuta, na turubai nje yake kuzuia jua na upepo. Nyunyizia ukungu wa maji mara tatu au nne kwa siku kwa wiki moja angalau. Kwa chokaa rojo endelea hadi wiki mbili au zaidi, ukiacha ikauke na kulowa kwa zamu, kwa kuwa hewa ukaa inahitaji unyevu kidogo ili ifanye kazi, na mota iliyojaa maji haiiingizi. Mota isikutane na barafu, wala usijaze kukiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi.

Umefaulu ukisugua ungio baada ya wiki mbili na mkono ukatoka safi. Likitoa unga, lilikauka kabla ya kukomaa, na dawa ni kulitoa.

## Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza

Chumvi itatokea tena, safari hii kwenye maungio. Pangusa, kusanya, tupa mbali. Mwenye nyumba ataomba rangi. Mpe chokaa ya maji, iliyopakwa nyembamba tabaka tatu au nne, na umkataze rangi ya plastiki na dawa zinazoitwa za kuzuia maji, hata zile zinazodai kupitisha mvuke: chumvi si mvuke, haipiti.

Mkanda mbovu sana unaweza kupigwa lipu ya chokaa yenye mchanga mwingi, kwa nia kabisa ya kuitupa baada ya miaka michache ikishajaa chumvi.

Kila mwisho wa mvua na kila mwisho wa kiangazi, rudi na tochi na picha za hatua ya 1. Simama palepale, laza mwanga vilevile, utafute ile mistari ya tindo ya fundi wa kwanza.

Maungio yakiwa yamechakaa na mistari ingalipo, changanya mota nyingine.